Gesi Imetufungisha

Jumatatu, 3 Machi

Chai ya wachezaji, viazi vitamu, mayai. Gesi inawaka vizuri. Siku hizi sikohoi asubuhi. Daktari alishanionya: moshi utaniua. Halafu klabu ikatangaza kwamba kambi yetu hapa Ilemela haipiki tena kwa kuni wala mkaa, ili mashabiki waige na hewa chafu ipungue. Nahodha kapigwa picha amekumbatia mtungi wa gesi. Mama Pendo, jirani yangu, kaibandika jikoni kwake na kununua mtungi wake. Mimi nilimsihi mwaka mzima, hakusikia!

Jumapili, 9 Machi

Tumefungwa. Nyumbani, tena na timu ya mkiani.

Jumapili, 16 Machi

Tumefungwa tena. Mashabiki getini wanapiga kelele: "Gesi! Gesi!" Sikuelewa.

Jumanne, 18 Machi

Nimeelewa. Kamati ya ufundi imekaa. Jina tu hilo. Hawafundishi mpira, wanakwenda kwa waganga. Wamesema bahati ya timu ilikuwa kwenye mafiga, na gesi imeifukuza. Mzee Masanja, mwenyekiti wao, kaja mwenyewe jikoni. Nikampa shikamoo, kaitikia vizuri tu. Nikamwambia habari ya kifua changu. Nikamwambia pia mshambuliaji wetu anaumwa goti, gesi inahusikaje?

"Mama Kulwa, wewe pika. Mengine tuachie sisi."

Nina hasira.

Alhamisi, 20 Machi

Lori la kuni limefika kutoka Usagara. Kuni mbichi. Miti mizima imekatwa ili sisi tufunge magoli. Mtungi umehamia kwa katibu wa klabu, mkewe anaupikia. Kwake haufukuzi bahati. Kocha kapita, kaangalia chini. Kikohozi kimerudi. Naogopa. Nikiacha kazi, watoto watakula nini?

Jumapili, 23 Machi

Tumefungwa. Safari hii vibaya zaidi. Hakuna aliyelaumu kuni.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Ugali, maharage. Makohozi meusi.

Jioni nimepita kwa Mama Pendo. Kawasha mkaa. Mumewe kasema timu yenyewe imeacha gesi, wao ni nani? Mtungi wameuza. Picha ya nahodha bado iko ukutani, juu ya jiko, uso umeanza kuwa mweusi. Tumekaa tukamenya ndizi, tukikohoa kwa zamu.