Bwawa, na Kibuyu cha Mama Chebet

Baba,

Hapa Eldoret hatujambo, ila baridi ya huku inanivalisha sweta mbili.

Najua jirani wakikuuliza ninasomea nini, unakohoa. Kuuliza watu wazima kama tumbo inawaendesha, ili kujua ugonjwa umetoka wapi, hiyo ni masomo? Sasa sikia.

Wakimbiaji wa kambi moja hapa wakitoka mazoezi huingia kwenye bwawa kuogelea na kupoza miguu. Wengine wakaanza kuendeshwa na tumbo, wakalaumu mursik, maziwa yao ya kibuyu. Mama Chebet anayewapikia alikuwa karibu kufutwa kazi.

Nikauliza mmoja mmoja. Mursik walikunywa wote. Walioumwa ni walioingia majini tu. Waliobaki kando wakinyoosha misuli walikuwa sawa kabisa. Tukapima yale maji, tukapata uchafu wa choo.

Jana nikawaambia wote. Kocha wao akaangalia chini, halafu akasema, "Mama Chebet, tusamehe."

Mama Chebet aliingia jikoni, akarudi na kibuyu, akaniwekea mdomoni kwa mikono yake mwenyewe, vile wanavyonyweshwa wakimbiaji wakirudi nyumbani na medali. "Kunywa, msichana wangu. Umeshinda." Kambi nzima ikapiga makofi.

Mimi, Baba! Mimi ambaye hata mvua hainikimbizi.

Msalimie Mama, mwambie ninakula. Na jirani wakiuliza tena, usikohoe.

Binti yako,
Achieng'