Kibao cha Nkambo La Mère

Muanda, 3 Machi 2024

Mama mpenzi,

Jambo sana. Habari ya Naviundu, na goti linaendeleaje? Sisi wazima. Mume wangu Vital anakusalimia, na mtoto ananyonya bila huruma.

Naandika kwa sababu hupokei simu tangu nikuambie jina. Mama, Océane si jina la kihuni, ni la bahari. Kazi ya Vital iliponileta huku nililia sana, sina ndugu, sina hata wa kugombana naye kwa Kiswahili. Ni bahari iliyonituliza. Nikiwa na mimba nilikaa ufukweni kila jioni, nikimsimulia mtoto habari zenu za Lubumbashi.

Njoo umpokee. Bila wewe hatumpeleki kuandikishwa ofisi ya état civil.

Binti yako,
Gaëlle


Lubumbashi, 9 Machi

Gaëlle mwanangu,

Salamu zimefika. Goti linauma kwa sababu ya mvua, ingawa na wewe umo. Msalimie Vital, mwambie nimemkasirikia kidogo tu.

Na bahari sina ugomvi, sijawahi hata kuiona. Lakini tulikubaliana kwamba binti yako wa kwanza atapewa jina la nkambo wako, mama yangu. Naviundu nzima ilimwita La Mère, mama wa wote, na padri alimzika kwa jina hilo. Sasa vijana wa hapa hawamjui tena. Mimi nilikuwa nimeshajizoeza kumwita mtoto "Mama", kama inavyonipasa, wewe ukaniletea maji ya chumvi. Huyo Océane ni nani? Alimpikia nani bukari?

Siji kumbeba mtoto aliyenyimwa jina la mama yangu. Inaniuma kusema, lakini nimesema.

Mama yako,
Simone


Muanda, 15 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole na goti. Huku ni joto tu, mtoto ameanza kucheka akiwa usingizini.

Nimeshindwa. Vital ataandika La Mère. Nakutaka wewe kuliko jina.

Ila usinizuie kutania kidogo. Kile kibao cha kibanda cha nkambo, pale alipouza samaki, si kiliandikwa LA MER? Maisha yenu yote mlimcheka Clovis mchoraji kwamba alikula herufi ya mwisho. Nyinyi jina lake mmeliacha nusu kwenye ubao, halafu mnanigombeza mimi.

Binti yako aliyesalimu amri,
Gaëlle


Lubumbashi, 2 Aprili

Gaëlle wangu,

Habari ya joto, habari ya mtoto? Goti limepona, au limesahau.

Vital asiandike chochote kwanza. Utani wako ulinichoma. Nilikitoa kibao nyuma ya nyumba, nikampelekea Clovis aongeze ile herufi. Alikataa. Akasema: "Mama Simone, mi sikukosa kitu. Mama yako njo alinisimamia pale. Alisema, 'Andika mer, ile ya maji. Samaki yangu inatoka ku mer, haitoke ku Naviundu.' Bantu bakasoma mère, ile ya mama. Akacheka, akasema, 'Baache tu.'"

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya kopo la rangi, sketi ikaharibika. Halafu nikalia. Miaka yote aliuza thomson ya barafu, samaki wa bahari asiyoijua, na jina la bahari akalichagua mwenyewe. Sisi ndio tuliomwongezea herufi.

Basi andikeni Océane. Nimeshakata tiketi, Jumanne ijayo napanda ndege hadi Kinshasa, kisha barabara. Kibao nakuja nacho, nimekifunga kwenye kitenge.

Haya ya chini si yako. Msomee mtoto sikioni.

Mama,

Habari ya safari? Umekawia, lakini karibu. Nasikia sasa unakaa karibu na ile mer yako. Nisubiri, twende wote ukanionyeshe.

Ni mimi, mtoto wako,
Simone