King'ora cha Jumatano ya Kwanza

Jumatano, 4 Mei 2016

Leo nimeomba shuleni. Mimi! Serah, ambaye kanisani mahubiri yakirefuka huhesabu feni za dari. Nimeomba kwa sauti, mbele ya watoto, ndani ya shule ya serikali ya Marekani. Mume wangu Nahashon akijua atachinja mbuzi hapa hapa Columbia Heights, majirani waite polisi.

Ilikuwa hivi. Saa saba mchana, darasa la watoto wageni, mwalimu wao ametoka kidogo kupiga fotokopi, nimebaki mimi msaidizi. Mara king'ora! Si cha ambulensi. Kikubwa, cha mji mzima, kinalia kutoka juu. Nikajua basi, kimbunga, tumekwisha. Miaka yote hii Minnesota sikuwahi kukisikia, kwa sababu usiku nilikuwa nageuza wazee vitandani kwenye nyumba ya wazee kule Woodbury na mchana nalala fofofo. Kazi hii ya shule nimeianza juzi tu, katikati ya Aprili.

Watoto wa Kongo hawakuuliza ni nini. Waliingia chini ya meza wote, kimya, kama watu waliozoea. Reine alikuwa anatetemeka hadi meza inagonga ukuta. Reine ana miaka saba na hajatamka neno hapa tangu aje.

Na mimi mwalimu wa Kenya ningefanya nini? Mikono ilijikunja yenyewe. "Tufumbe macho, tuombe." Mungu utulinde, tunza watoto hawa, tunza mama zetu kazini, tuliza upepo. Nikafumbua jicho moja kuangalia nani anacheza — ualimu hautoki! Hakuna aliyecheza. Hata Hodan, Msomali aliyezaliwa Dadaab, alikuwa amefungua viganja vyake vizuri kabisa. Nikaona nisimkwaze mtoto wa watu. Nikafunga na amina tu, jina la Yesu nikaliacha nyumbani. Wote wakajibu amina. Na kutoka chini ya meza, sauti ndogo: "Amina."

Reine! Neno lake la kwanza. Nililia, sifichi.

Kisha mwalimu akaingia na fotokopi zake, akatukuta sote sakafuni. Akasema ni majaribio tu. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa saba mchana, wanajaribu ving'ora. Kila mtu hapa anajua.

Ngai! Kila mtu isipokuwa mimi na wakimbizi.

Alhamisi, 5 Mei

Reine amesema "maziwa". Halafu amesema "ingine". Nimempa yangu.

Jumatatu, 9 Mei

Nimetafsiri mashtaka yangu mwenyewe. Kwa mdomo wangu huu huu!

Bi Lindgren, mwalimu mkuu, aliniita ofisini: kuna mzazi wa Kongo, njoo utafsiri. Nikamkuta Callixte, baba yake Reine, ndani ya suti ya arusi, kofia mapajani. Akaanza vizuri. Anashukuru shule. Mtoto wake aliacha kuongea wakiwa bado kambini, sasa nyumbani anaongea hadi wanamwambia apumzike. Nikatafsiri kwa raha zangu. Halafu akasema anashukuru hasa kwa ile sala. Nikakohoa. Nikamwambia Bi Lindgren anashukuru kwa utulivu wa darasa. Bi Lindgren akatabasamu.

Lakini, akasema Callixte. Kwani ilibidi kuwe na lakini? Reine amewaeleza sala yote, na haikuwa na jina la Yesu. "Madame, kuomba bila ile Jina ni kama kupiga telefone bila namba." Anaomba shule irekebishe. Kwao Bukavu shule ya serikali inashikwa na kanisa, ya Wakatoliki au ya Waprotestanti, mzazi anachagua. Anataka tu kujua hii yetu ni ya nani.

Nikatafsiri: anauliza kama kuna masomo ya ziada.

Aibu gani hii! Nilisahau mtu anafanya kazi kiwanda cha nyama na Wamarekani. Kiingereza kidogo anacho. Akanitazama, akamgeukia Bi Lindgren, akakutanisha viganja. "Prayer, good. Jesus, no." Na kidole akaninyooshea mimi.

Tabasamu la Bi Lindgren likafifia taratibu. Akasema, Serah, anasema nini? Ikabidi nirudie tangu mwanzo, hili na lile, namba na telefone. Callixte anaitikia kwa kichwa kila sentensi, ameridhika, kazi imefanyika. Wakati wa kuondoka akanishika mkono kwa mikono miwili akanibariki.

Jumanne, 10 Mei

Bi Lindgren si mtu mbaya. Laiti angekuwa, ningepata wa kumchukia. Alinipa chai ya majani ya sijui nini, haina maziwa, haina sukari, adhabu tosha. Akasema anaelewa nilikuwa na hofu. Sheria ni hii: mtoto anaweza kuomba mwenyewe akitaka, hakuna wa kumzuia. Mfanyakazi wa shule haruhusiwi kuongoza. Ikitokea tena hataweza kunirudisha kazini mwaka ujao.

Nilisema ndiyo madam mpaka akaniomba niache kumwita madam.

Na nitarudi wapi, basi, kama si Woodbury? Usiku, glavu, migongo ya watu. Wazee wa watu sina ubaya nao. Lakini mimi ni mwalimu! Juzi nilishika chaki nikanusa mkono wangu nikaona nimerudi. Naitaka hii kazi. Naitaka vibaya.

Jumapili, 15 Mei

Nilimweleza Nahashon yote, naye alishasema. Mtu huyu siri hakai nayo hata kutoka sebuleni hadi jikoni. Kufika kanisani, mimi ni Danieli. Mchungaji alinisimamisha, watu wakapiga vigelegele, ati nimetupwa kwenye tundu la simba kwa ajili ya maombi. Simba mwenyewe ni Bi Lindgren na chai yake.

Baada ya ibada Susan, mwenyekiti wa kina mama, akatangaza mpango. Jumatano ya kwanza ya Juni, king'ora kikilia, kina mama wote na sare zao watasimama nje ya uwanja wa shule waimbe. Mpaka dini irudishwe mashuleni. Nikasema, Mama, dini haikuwa hapo, itarudishwa vipi? Hakunisikia, alikuwa anapanga nani ataleta ngoma.

Ngoma! Nje ya dirisha la Bi Lindgren!

Nikatafuta pa kutokea nikakosa. Halafu nikakumbuka Callixte. Nikasema kwa unyenyekevu wote, jamani, niwe mkweli mbele za Bwana. Ile sala sikuifunga kwa jina la Yesu. Na kulikuwa na mtoto Muislamu, viganja juu, akaitika amin, nami nikafurahi.

Susan akauliza nilikuwa nimemwomba nani sasa. Mmoja akasema haikuhesabika, mwingine akasema Mungu anajua moyo, wa tatu akasema moyo wa Serah tunaujua. Wakaanza kuzozana wao kwa wao, chai ikapoa. Mchungaji aliniambia kando nitubu. Ngoma imeahirishwa.

Nilitoka Danieli, nikarudi nyumbani simba.

Jumatano, 18 Mei

Nahashon amenuna siku tatu. Leo amefungua mdomo, na afadhali angeendelea kununa. Anasema watoto wa huku hawasalimii wakubwa, wanatembea na suruali magotini, na yote ni kwa sababu hawafundishwi dini shuleni. Kwetu tulifundishwa.

Nikamwambia, baba, na nani alifundisha kwetu? Si mimi? Nilifundisha CRE, somo la dini ya Kikristo, kule Nyeri mpaka nikaota mapigo ya Misri. Somo la kupata A! Mtoto alikuwa anakariri amri zote, ya kuiba ikiwemo, na akitoka hapo anaruka ua wa misheni kuiba plamu. Walimu wenzangu walichapa watoto kwa kusahau mistari ya upendo. Kama Mungu alipita kwenye mikono yetu sisi, njaa tupu na mishahara imechelewa, na bado watu wanamwamini, basi huo ndio muujiza wenyewe.

Na mpe Bi Lindgren hiyo kazi, nikamwambia. Afundishe dini gani? Nyinyi Jumapili mmeshindwa kukubaliana juu ya sala moja ya dakika moja, na nyote ni wa kanisa moja, na wengi wa kijiji kimoja!

Akasema mimi nimeharibiwa na Amerika. Nikasema hapana, nilikuja nikiwa hivi, alinioa hivi. Hapo alicheka kidogo, akajifanya anakohoa.

Lakini akauliza kitu. Kama huamini, yule mtoto alisema amina kwa nini? Nimeosha vyombo vyote, hata visafi.

Jumanne, 31 Mei

Kesho king'ora. Bi Lindgren anakuja kukaa darasani, ati kututia moyo. Kututia moyo, au kunichunga?

Nimewaandaa watoto. Kesho saa saba ni kelele tu, haina kitu, tutaendelea kupaka rangi. Reine akauliza, tutaomba? Siku hizi anauliza kila kitu. Nikasema mwenye kutaka ataomba. Akasema, wewe utaanza? Nikasema hapana, mama, mimi sianzi. Akaniangalia vile mtu anamwangalia muuza duka aliyemnyima chenji.

Nimeumia, kusema kweli.

Jumatano, 1 Juni

Niko kwenye kiti nje ya ofisi. Niandike haraka.

Kimelia. Bi Lindgren alikuwa amekaa kwenye kiti cha watoto, magoti kidevuni. Hakuna aliyeingia chini ya meza! Waliangalia dirisha, wakaangaliana, Hodan akaendelea na rangi yake. Nikapumua. Kisha Reine akasimama. Akafumba macho, mikono kifuani, na kwa sauti ya kushinda king'ora: "Mungu utulinde, tunza watoto hawa, tunza... tunza..."

Amesahau! Akafumbua jicho moja, akanitafuta. Darasa zima likanigeukia. Bi Lindgren naye akanigeukia.

Nikajiambia, Serah, nyamaza. Fikiria Woodbury. Fikiria glavu. Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kutetemeka kama ile siku, na nilijua ikifungwa leo sijui itafunguka lini.

"Mama zetu kazini," nikasema.

Akaipokea pale pale, akaenda nayo mbio hadi upepo, halafu akanikazia macho, akapaza: "Kwa jina la Yesu!" Baba yake amemfundisha. Watoto wakasema amina, Hodan amin, king'ora kikanyamaza.

Bi Lindgren hana hata neno moja la Kiswahili. Aliniuliza mlangoni, umemwambia nini? Ningeweza kusema nimemwambia akae chini. Ilikuwa rahisi kabisa! Nikasema nitakueleza. Akasema basi ofisini, sasa hivi.

Na hapa kwenye kiti cha pili nimemkuta nani? Callixte, suti ya arusi, kofia mapajani. Nahashon alitafuta namba yake, akampigia jana akamwambia kazi yangu iko hatarini kwa sababu ya ulimi wake. Mwanamume amelia kwenye simu. Ameomba ruhusa kiwandani aje anitetee. Ameshaniambia atakayosema: ile shule imerudishia mtoto wake mdomo. Madame Serah ni mtumishi wa Mungu. Mungu mwenyewe alimtuma Minnesota aombee watoto, na aendelee kuwaombea kila siku, tena sasa na Jina.

Nimemsihi. Baba Reine, sema ya mdomo, hayo mengine tuyaache. Hataki. Anasema yeye ataongea yake yote, mimi kazi yangu ni kutafsiri. Na ana haki! Mara ya kwanza nilimkata maneno yake, ikabidi mzee wa watu aongee kwa mikono. Sirudii. Atakachosema nitakisema, na nitakapofika kwenye mtumishi wa Mungu nitajisema hivyo hivyo, kwa Kiingereza safi, macho makavu.

Amesimama, anavaa kofia, anaivua. Mlango umefunguka. Bi Lindgren anatuangalia wawili. Serah, anauliza, baba yake Reine anasema nini?