Kitambaa Kilichosafishwa na Vimeng'enya

Morogoro

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwakeye? Mmeamkaje hapo Bangwe? Mgongo unaendeleaje, na Baba amepona kile kikohozi? Mimi ni mzima, ila mvua za huku zimezidi na chumba changu kinavuja.

Nataka nikusimulie ya kiwandani. Nyuzi hupakwa wanga kabla ya kufumwa, zisikatike. Kitambaa kikishafumwa, wanga huo lazima utoke, la sivyo rangi haishiki vizuri. Sisi tulikuwa tukiutoa kwa asidi. Mwenzangu Mama Rehema, mwosha vitambaa, vidole vyake vimebabuka hata kumega ugali wa moto hawezi.

Mwezi uliopita tukaletewa dawa mpya, vimeng'enya. Vinatengenezwa na bakteria, vile vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vinaugeuza wanga kuwa sukari, maji yanaisomba, na mkono haubabuki. Nikapewa mimi kazi ya kuvijaribu. Nilipodondosha iodini kwenye kitambaa cha kwanza, ikageuka buluu iliyokolea. Maana yake wanga bado umo.

Fundi mkuu akasema, "Binti, turudi kwenye asidi. Oda ya watu inachelewa."

Nikaenda kupima maji ya pipa, nikakuta yanachemka. Joto hilo huviharibu vimeng'enya. Nikamwambia, "Mzee, naomba turudie mara moja tu, maji yawe ya moto bila kuchemka."

Akamwita mtu wa boila apunguze mvuke.

Safari hii iodini ilibaki na rangi yake ya kahawia. Mama Rehema akatumbukiza mkono mtupu ndani ya pipa, akautoa, akautazama, akacheka huku machozi yakimtoka. Asidi haijarudi tena.

Jumamosi meneja alinisimamisha mbele ya wenzangu, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Unajua swali hilo lilivyonitesa shuleni, tangu uliponipokea pale bandarini Kibirizi nikitoka Burundi peke yangu. Sikuinamisha kichwa, Mama. Nilikutaja wewe, majina yako yote.

Msalimie Baba, dada anayeshona pale Mwanga, na mwalimu wangu wa sayansi. Kitenge kilicho kwenye kifurushi hiki kimetoka katika kazi ile ya kwanza iliyofanikiwa. Usikifungie sandukuni. Kishone, ukivae kanisani, na wakikuuliza, waambie mwanao ndiye aliyekitengeneza.

Ni mimi binti yako,
Konsolata