Boila Inazimika Kila Dakika Ishirini na Mbili

Mama Mshauri,

Tarehe tisa Oktoba, saa tatu asubuhi, nilimpoteza mtu ambaye hajafa, na tarehe ishirini na sita Novemba nikapoteza joto la nyumba. Naomba msaada wako kwa hilo la pili. La kwanza nalitaja kwa sababu tu tarehe zinafuatana, nami napenda hesabu ziwe kamili.

Nina miaka sitini na saba, mjane wa miaka saba, naishi peke yangu hapa Keighley, Yorkshire, katika nyumba ya mawe niliyoinunua kwa kushona mapazia, nilianza na cherehani ya kuazima nikamaliza na karakana ya wanawake kumi na wanne, kwa hiyo usinijibu kama mtu asiyejua kushika bisibisi. Boila yangu ya gesi, inayopasha nyumba nzima joto, imesimama kwenye kona ya jikoni tangu mwaka 1996. Sasa inawaka vizuri, inanguruma, mabomba yanaanza kupata moto, halafu dakika ya ishirini na mbili, tak, inazimika, nami napiga magoti, nabonyeza kitufe sekunde ishirini, inawaka tena, dakika ishirini na mbili, tak. Nimeandika yote kwenye daftari: mara sitini na moja katika siku kumi na tisa. Presha ya maji ni moja nukta tatu, haijashuka. Gesi ipo, maana jiko la kupikia linawaka. Vipasha joto vya ukutani viko saba, nimevitoa hewa vyote. Cha ajabu, siku nilipoacha mlango wa jikoni wazi iliwaka saa mbili nzima, lakini nani atakaa jikoni mlango ukiwa wazi Desemba hii, na tayari nilikuwa nimeliziba lile tundu la hewa la ukutani kwa soksi nne za marehemu mume wangu Wilf, kwa sababu upepo wake ulikuwa unanipiga shingoni pale kwenye kiti ninapokaa, na bado kila jioni kichwa kinaniuma kwa baridi.

Kwenye kiti hicho, niseme tu, alikuwa akikaa Bwana Desmond Sugden, fundi wa gesi, aliyekuja kila tarehe tisa Oktoba kwa miaka sita kuikagua boila. Kazi yenyewe ni dakika arobaini. Chai baada ya kazi ilichukua nusu saa mwaka wa kwanza, na mwaka jana ilichukua saa tatu na robo. Alikuwa anaifungua boila, anaisikiliza kichwa kikiwa upande, ananiambia, "Bi. Holroyd, huyu mzee bado ana mapafu," namjibu, "Kukushinda wewe," basi anacheka mpaka chai inamwagika kwenye kisahani. Mwaka mzima nilikuwa na siku moja ya kuingojea, na ilinitosha, au nilidhani inanitosha.

Mwaka huu, tarehe kumi na moja Septemba, akatokea mlangoni bila mkoba wa zana, amevaa tai, mkononi ana mfuko wa plamu za bustanini kwake. Jirani yangu Noreen alikuwa anapangusa dirisha ambalo halikuwa chafu. Nikasema, "Bwana Sugden, boila haijaharibika."

"Najua. Nilikuwa napita tu."

"Wewe unakaa ng'ambo ya mto. Huku unapita kwenda wapi?"

"Huku huku."

"Tai yote hiyo ya kupita tu!" Noreen akadakia, akacheka. Mimi nikaona haya, na nikiona haya nakuwa mkali, nikamwambia Bwana Sugden mbele yake, "Siku yako ni tarehe tisa Oktoba. Leo humo kwenye orodha yangu." Akaziweka plamu juu ya ukuta taratibu, akasema, "Sawa, Bi. Holroyd," akaondoka na tai yake.

Tarehe tisa Oktoba niliweka birika saa tatu kasoro kumi. Saa tatu kamili ikaingia kadi kwenye tundu la barua: amestaafu, anashukuru kwa chai, na namba ya fundi mwingine hii hapa. Sijampigia huyo mwingine. Plamu nilizipika jemu, chupa sita, sijafungua hata moja. Gari lolote jeupe likipunguza mwendo mtaani kwetu najikuta natengeneza nywele, mtu mzima mimi.

Sasa binti yangu Janine, yuko Leeds, anasema Jumamosi analeta watu waing'oe boila, waweke mpya. "Mama, hilo bati limekufa, liage." Nimemwambia halijafa. Likitolewa, Mama Mshauri, sitakuwa na sababu yoyote ya kumpigia Bwana Sugden. Swali langu ni la kiufundi tu: nimwite aje aitazame boila, ndiyo au hapana? Nataka neno moja kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Winifred Holroyd. Jina lichapishwe, sijaiba kitu.

—

Bi. Holroyd,

Hapana.

Hilo ndilo neno lako. Haya mengine kaa uyasikilize, na usikae kwenye kile kiti.

Barua yako ilipofika sikungoja gazeti. Nilikupigia palepale nikakuambia uzime boila, ung'oe soksi, ufungue madirisha, utoke nje, kisha ukamwone daktari. Ukaniuliza kama nina kibali cha gesi. Sina, lakini nilimuuliza mwenye nacho kabla ya kukupigia, na kwa wasomaji wenye soksi kwenye matundu yao, ambao najua ni wengi kutoka hapa mpaka Skipton, nayarudia maneno yake. Boila ya zamani ya aina hiyo inavuta hewa ya chumba. Ukiziba tundu, moshi unarudi ndani, na humo mna gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua. Kifaa cha usalama kikiutambua moshi huo, kinazima moto. Boila yako ilikataa kukuua mara sitini na moja, na mara sitini na moja ukaipigia magoti ikubali. Kichwa hakikuwa kinauma kwa baridi, mama.

Usiiwashe tena hata dakika moja mpaka fundi mwenye kibali aikague. Namba unayo, iko kwenye kadi. Nunua king'ora cha gesi hiyo. Janine akileta boila mpya, mpokee, umshukuru.

Sasa lile ulilolitaja kwa ajili ya tarehe. Fundi aliyestaafu na kurudisha kibali haruhusiwi kugusa gesi yako. Ukimwita kwa ajili ya boila unamwomba asichoweza, ili akatae, ili wewe ujiambie ulijaribu. Miaka yote hiyo ya mapazia imekufundisha kufunika dirisha vizuri mno. Mwanamume wa Yorkshire aliyeota mvi hafungi tai ili akatazame bomba. Alichagua siku isiyo na kazi makusudi, boila isiwe kati yenu, nawe ukamrudisha kwenye ratiba, tena Noreen akisikia. Nakuonea huruma, maana haya humshika hata mtu shupavu. Ila yeye ndiye aliyetembea mpaka mlangoni kwako, na ndiye aliyerudi peke yake.

Kwa hiyo ngoja nyumba ipate joto. Boila yoyote iliyopo, iwake siku nzima bila kuzimika. Hapo, ukiwa huna kitu hata kimoja kilichoharibika, nyanyua simu. Usimwambie presha ni ngapi. Mwite Desmond. Mwambie ulikosea Septemba, na kwamba unataka aje akae, hakuna kazi. Akikataa, itauma, na utakuwa umekataliwa kwa jambo ulilolitaka kweli.

Watu wa boila wanakuja Jumamosi, Jumapili nyumba itakuwa na joto. Jumatatu saa nne asubuhi nitakuwa mezani kwangu, simu mbele yangu, nikingoja neno moja kutoka kwako. Umempigia, au hujampigia?