Sampuli Huwa Mguu Mmoja

Alhamisi. Mvua tangu juzi, na ule unyevu wa mwezi wa nne unaozifanya kuta za Guangzhou zitoke jasho. Nguo nilizofua Jumatatu bado mbichi. Nimeshinda na dera la kulalia na mlango nimeufunga kwa ufunguo.

Si mvua iliyonizuia. Nikitoka nitakutana na Bi Mwanakombo, na Bi Mwanakombo ana mguu mmoja wa kiatu cha Muchiri ndani ya mkoba wake.

Ngoja nianze mwanzo, maana hata mimi nahitaji kuyapanga.

Wiki iliyopita Muchiri alinunua diski pale Liuhua, kasha zima la kile kipindi cha zamani cha vichekesho, cha marafiki ambao hawajaoa wala hawajaolewa. Muuzaji aliapa kwamba sehemu zote zimo. Uongo mtupu. Inacheza sehemu ya tatu peke yake, na ikiisha inarudi mwanzo. Muchiri aliirudisha akaambiwa mei you, hakuna nyingine. Basi kufikia jana tulikuwa tumeitazama hiyo hiyo mara nane.

Kijana mmoja amealika mgeni wa kike kwa chakula cha jioni. Wenzake wanaingia mmoja mmoja bila hodi, wanafungua friji, wanajitandaza kwenye kochi, na watu tusiowaona wanacheka. Mara ya kwanza nilicheka nao. Kufikia mara ya nne nilikuwa nawaonea wivu. Wanaume kwa wanawake wanakaa mlango kwa mlango, wengine nyumba moja, na hakuna anayeuliza nani ni nani wa nani. Mama zao wako wapi? Sijamwona hata mmoja.

Mimi na Muchiri tunaishi hivyo hivyo. Yeye ni kijana wa Thika, anawatafutia wateja mikoba kule viwandani Shiling. Mimi ni Zuhura wa Mombasa, nawatafutia nguo na viatu sokoni Zhanxi. Ana chumba chake, nina changu, na katikati kuna jiko tunalogombania sufuria. Si mume wangu, si mchumba wangu, wala sijawahi kumtamani, maana anakoroma kama mashine ya kusaga. Ni rafiki yangu. Homa iliponilaza mwaka jana, ni yeye aliyenipikia uji na kuninywesha.

Nyumbani hatuna jina la mwanamume unayekaa naye ambaye si baba, si kaka, si mume. Angekuwa mpenzi, dawa ingepatikana: angesilimu, ndoa ikafungwa, watu wakala pilau, yakaisha. Lakini rafiki? Nani atanielewa?

Mwenye nyumba wetu, mama wa Kichina wa ghorofa ya chini, hapangishi ila kwa mke na mume. Tukamwambia sisi ni mke na mume. Kila mwaka wao mpya anatuletea machungwa na kuniuliza mtoto lini. Mama yangu naye nimemwambia nakaa na Mama Odile, mjane wa Lubumbashi, mcha Mungu. Mama Odile yupo kweli, ila anakaa mtaa wa pili. Kwa hiyo ili nipate pa kulala huku, sharti niwe nimeolewa. Ili jina langu lisichafuke kule, sharti niwe peke yangu.

Miaka miwili nimebanwa hapo katikati, na nimejibana mwenyewe.

Jana alasiri, tukiwa kwenye mara ya tisa, tukasikia hodi ya Kiswahili. Bi Mwanakombo! Jirani yetu wa Mombasa, amefanya biashara ya viatu tangu mimi sijaanza shule. Tulikuwa tumepanga kuonana leo, hotelini kwake. Lakini nilikuwa nimempa ile kadi ya anwani ya Kichina ya kuwaonyesha madereva wa teksi, iwapo atapotea. Hakupotea. Alichoka kukaa hotelini, akapanda teksi akaja.

Nikamsukuma Muchiri kwenye kibaraza cha kuanikia nguo, nikavuta pazia, nikajipongeza. Viatu vyake nikavisahau pale mlangoni tunapovulia. Pea moja, nyeusi, namba arobaini na tano.

Bi alivua vyake, akainama.

"Na hivi?"

"Sampuli, Bi. Za Zhanxi."

Neno lilipotoka tu nikajua nimejichoma. Hata mgeni wa siku mbili katika biashara hii anajua kwamba mwenye duka hakupi sampuli ya pea. Anakupa mguu mmoja, usije ukavaa ukaenda zako. Mwaka wa tano huu nazunguka na mifuko ya viatu vya mguu mmoja mmoja, halafu namwambia mwanamke wa viatu kwamba pea nzima ni sampuli!

Aliuokota mguu wa kulia. Akaukunja, akaugeuza, akapitisha kidole kwenye kisigino, kilicholika upande wa nje kwa vile Muchiri anavyotembea.

"Sampuli hii imetembea mno, mwanangu. Bei gani?"

"Bado sijapewa bei, Bi."

Nilijibu hivyo. Nilikuwa tayari kumuuza Muchiri kwa katoni kuliko kulifunua lile pazia, na yeye alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, anasikia, soksi zimelowa. Kwenye televisheni watu wakacheka. Nimewahi kusema uongo mwingi, lakini huo ndio ulionitia haya.

Bi hakupiga kelele. Angepiga, ningepata nafasi ya kukasirika. Aliutia ule mguu ndani ya mkoba wake, akafunga zipu.

"Sampuli ni mguu mmoja, na huu nauchukua. Nasafiri Jumamosi. Mama yako ataniuliza wakaa na nani, na mimi nimekula kwake miaka thalathini, simdanganyi. Mpigie wewe kabla sijafika. Ukishampigia, njoo uuchukue."

Alikunywa chai yake yote, hakubakisha. Alipofika mlangoni akageuka, akalitazama pazia.

"Na umwambie mwenye kiatu aingie ndani, atapata homa."

Muchiri aliingia anatiririka maji. Nilitarajia anitukane. "Hizo ndizo viatu niko nazo pekee, Zuu," alisema. Kisha, taratibu: "Si ungesema tu mimi ni beshte yako."

Leo asubuhi amepanda basi kwenda Shiling na malapa ya bafuni. Hakuniaga. Hajawahi kuondoka bila kuniaga.

Njia ya mwongo ni fupi, alizoea kusema marehemu baba, na mimi nikidhani mwongo aliye mbali atapata njia ndefu kidogo. Kutwa nzima nimeishika kadi ya simu. Nimepanga maneno, nimeyabadilisha, nimeyaogopa. Diski niliiacha inazunguka kwa sababu nyumba ikinyamaza nasikia moyo wangu.

Saa kumi na mbili jioni, huko kwetu saa saba, watu wanakula cha mchana, nikapiga. Mama alifurahi mpaka nikataka kukata. Akauliza afya, akauliza sala, akauliza mvua. Kisha akatega sikio.

"Nasikia watu wacheka hapo. Una wageni?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza kusema ni Mama Odile na wenzake wa kanisani, na mama angemsalimu, na ningelala salama mpaka Jumamosi.

Nikaizima televisheni.

"Hapana, mama. Sina wageni, na sikai na Mama Odile. Nakaa na mtu anaitwa Muchiri. Ni mwanamume. Ni rafiki yangu, basi. Tuko wawili."

Nikasikia kijiko kinawekwa kwenye sahani. Nikamsikia anavuta pumzi ile anayoivuta kabla ya kusema jambo.

Kadi ikaisha.

Sasa nimekaa na simu mapajani na sijui alitaka kusema nini. Muchiri hajarudi bado. Kesho nitateremka mapema, mvua au si mvua, nikanunue kadi nyingine, ya dakika nyingi, na nikitoka hapo niende kwa Bi nikauchukue ule wa kulia. Mguu wa kushoto nimeupiga rangi, nimeurudisha palepale mlangoni, kila anayeingia auone.