Sanda ya Kaka Badar

Kwa Dada Manar, Maskati,

Assalamu alaykum. Hatujambo. Mbuzi wako kazaa mapacha, na mie nazidi kupendeza.

Kaka Badar mzima, ila juzi kazidisha ule unga wake wa kulevya, tukamkuta midomo buluu, hapumui. Mama akamwelekeza kibla, jirani akaanza Yasini, mie nikakimbilia sanda. Narudi nayo kwapani, nikakutana na Bi Rahila, muuguzi wetu.

"Nani kafa?"

"Kaka Badar, unga."

Dada, mie Makangale nzima hawanipati kwa mbio, lakini Bi Rahila alinipita na buibui lake!

"Someni, lakini nipisheni," akasema. Akampulizia pumzi mdomoni, akamdunga naloksoni, dawa ya kuvunja nguvu ya unga. Badar akakohoa, akafumbua macho.

"Nani kafa?" akauliza.

Jirani nusura azimie. Bi Rahila hakucheka. Alisema nguvu ya dawa huisha kabla ya ile ya unga, akakaa naye mpaka tukamfikisha hospitali.

Sanda Mama kaificha sandukuni. Humwambia Badar, "Usiwe na haraka, haiozi." Badar hucheka, kisha usiku halali mpaka nimshike mkono.

Mpigie, dada. Anakuonea haya.

Nduguyo mwenye mbio za pili Makangale,
Suhail